Ubao Janja na Mwalimu wa Kilwa

Siku hizi zasemwa sana habari za ubao janja. Ni ubao mweupe mkubwa, au kioo kipana mfano wa televisheni, uliounganishwa na kompyuta. Mwalimu huugusa kwa kidole au kwa kalamu yake maalumu, na papo hapo picha, maandishi, ramani na hesabu hutokea, husogea na kufutika kama apendavyo. Katika baadhi ya shule za mijini mbao hizo zimekwisha fungwa, na wazazi wa kusini wana haki ya kuuliza lini zitafika Kilwa Kivinje, Pande, Mchinga na Mingoyo. Swali hilo ni jema. Lakini sisi twapenda kuliongezea swali la pili, ambalo twaliona kuwa ndilo kubwa zaidi: mbao hizo zikifika, zitamkuta nani darasani, naye atakuwa ametayarishwa namna gani?

Jambo hili si la kuahirisha. Tangu Januari 2016 watoto wa shule za msingi na wa kidato cha kwanza hadi cha nne husoma bila ada, na madarasa yetu yamejaa. Januari 2024 mitaala mipya ilianza kutumika, na mwanzoni mwa 2025 ilizinduliwa rasmi Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, ambayo yaifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10 na kuipunguza elimu ya msingi kutoka miaka 7 hadi 6. Kwa mpango huo, watoto wa darasa la sita na wale wa darasa la saba watazamiwa kumaliza pamoja mwaka 2027, na Januari 2028 makundi hayo mawili yataingia kidato cha kwanza kwa wakati mmoja. Kila mwanachama aliye katika kamati ya shule, na kila mfanyakazi mwenye mtoto, hana budi kufikiri: madarasa yatakuwa mangapi, madawati mangapi, na walimu wangapi?

Hapo ndipo ubao janja unapoingia katika mazungumzo kwa njia inayotutia wasiwasi. Wako watu wasemao kwamba, kwa kuwa walimu wa hisabati na sayansi ni haba, basi mwalimu mmoja hodari aketi mjini, asomeshe mbele ya kamera, na shule kumi za mbali zimtazame katika kioo. Wasema kwamba kwa njia hiyo upungufu wa walimu utakuwa umekwisha. Fikra hiyo ina chembe ya ukweli ndani yake, lakini ikishikwa nzima yaweza kuwadhulumu watoto wa kusini, na twataka kueleza kwa nini.

Kwanza tuseme wazi kwamba sisi hatuupingi ubao janja. Watu wa pwani hii hawakuwa kamwe maadui wa vyombo vipya vya elimu. Watoto wa pwani walianza kusoma alif na bee juu ya ubao wa mti, wakiandika kwa wino na kuuosha ubao ili somo jingine liandikwe. Baadaye ukaja ubao mweusi na chaki, nao ukazoeleka. Lakini katika nyakati zote mbili haukuwa ubao uliofundisha. Mwalimu wa chuoni alimwita kila mtoto mbele yake, akamsikiliza akisoma, akamrudisha alipokosea, na hakumvusha mpaka alipojua. Ubao ulikuwa mahali pa kuandikia somo. Kazi ya kujua nani ameelewa na nani hakuelewa ilikuwa ya mtu.

Na ubao huu mpya una faida za kweli. Tutoe mfano ambao kila msomaji wa Kilwa ataufahamu. Mtoto wa Kilwa Masoko au wa Somanga anajua tangu utoto wake kwamba kuna siku za bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana, na kuna siku za maji mafu. Ajua kwa sababu baba yake hupanga kazi ya uvuvi kwa kuyafuata maji hayo, na mama yake huenda kwenye mwani yanapokupwa. Tena ajua kwamba bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Lakini kwa nini iwe hivyo? Kwa chaki ni vigumu kuonyesha, maana jua, mwezi na dunia vyote vimo katika mwendo. Katika ubao janja mwalimu aweza kuusogeza mwezi kwa kidole, darasa likaona jinsi jua na mwezi vikiwa katika mstari mmoja vinavyoivuta bahari kwa pamoja, na jinsi vikikaa pembeni kila kimoja kinavyopunguza nguvu ya mwenzake. Hivyo hivyo yaweza kuonyeshwa mapigo ya moyo, mzunguko wa umeme, na maumbo ya jiometri yakigeuzwa na kukunjwa. Katika shule isiyo na maabara, hayo si mambo madogo.

Lakini tazameni pia namna somo hilo hilo linavyoweza kuharibika. Mwalimu ambaye hakufundishwa kutumia chombo hicho atafungua filamu, watoto watatazama, filamu itakwisha, nao watanakili maneno ya mwisho katika madaftari. Watakuwa wamefurahi, na mgeni akipita dirishani atasema hii ni shule ya kisasa. Hakuna aliyeulizwa kwa nini. Hakuna aliyebashiri maji ya kesho yatakuwaje kisha akaenda ufukoni kuangalia kama alikuwa sahihi. Mwalimu aliyetayarishwa angeanza kwa lile alijualo mtoto, angewauliza, angewaacha wabishane, ndipo auguse ubao. Umeme ni ule ule na kioo ni kile kile. Tofauti imo katika akili na mazoezi ya mwalimu.

Wala haya si maneno ya kubuni kwa hofu. Wenzetu walitangulia, na yafaa tujifunze kwao. Ubao wa namna hii uliingia sokoni mwaka 1991, ulipotolewa na kampuni ya SMART Technologies ya Kanada. Mnamo 2003 na 2004 serikali ya Uingereza ilitoa mamilioni ya pauni kuzifungia shule zake mbao hizo. Uchunguzi uliofanywa katika shule za msingi na kutolewa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Newcastle ulionyesha kwamba wanafunzi walisonga mbele kidogo katika mwaka wa kwanza, lakini faida hiyo haikuonekana tena katika mwaka wa pili. Uchunguzi mwingine, wa shule za sekondari za London, uliotolewa 2007, haukuona maendeleo makubwa katika mitihani ya Kiingereza, hisabati na sayansi yaliyoletwa na mbao hizo. Tena wachunguzi waliona kwamba pengine somo lilizorota, kwa sababu watoto walipanga zamu kwenda kugusa ubao mmoja mmoja huku wenzao wakingoja. Na hayo yalikuwa katika nchi yenye umeme usiokatika, yenye mafundi kila mji, na yenye madarasa ya watoto thelathini hivi. Kipimo chetu rasmi katika shule za msingi ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja, na kila mtu ajua kwamba shule nyingi zimekwisha kukipita. Darasa la watoto 80 likipanga zamu ya kugusa kioo, kipindi kitakwisha kabla ya safu ya pili kuinuka.

Jirani zetu wa Kenya nao wanalo la kutuambia. Mwaka 2013 iliahidiwa huko kwamba watoto wa darasa la kwanza watapewa kompyuta. Tangu 2016 vifaa vikaanza kugawiwa, na hesabu yake ikapita milioni moja. Haikupita miaka mingi ikawa habari ya kawaida kusikia kwamba katika shule nyingi vifaa vile vimefungiwa makabatini, kwa kukosa umeme, au fundi, au mwalimu aliyezoeshwa kuvitumia. Fedha zilikwisha lipwa, lakini faida iliyotarajiwa kwa watoto haikupatikana.

Je, ina maana kwamba nchi maskini haiwezi kutumia chombo kipya kwa elimu ya wengi? Hata kidogo. Sisi wenyewe tulikwisha kufanya hivyo, tena vizuri, na ajabu ni kwamba tumesahau tulivyofanya. Wakati huo chombo kipya kilikuwa redio. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo watu wapatao milioni mbili walishiriki. Mafanikio yake hayakuletwa na redio peke yake. Kabla ya matangazo kuanza, viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wamekwisha kupewa mafunzo. Kila kikundi kilikaa pamoja, kikasikiliza, kikasoma kijitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili chepesi, kikajadili, kisha kikaamua la kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka majani, kuchemsha maji. Watu walikuwa tayari kabla redio haijafunguliwa, na walibaki na kazi baada ya redio kuzimwa.

Tunayo na kumbukumbu ya upande wa pili, na lazima tuiseme kwa uaminifu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikata shauri kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote, na mwaka 1977 jambo hilo likatekelezwa. Lilikuwa shauri la heshima, na maelfu ya vijana walijitoa kuwa walimu, wakijifunza kazi huku wakiifanya. Twawaheshimu. Lakini madarasa yalijaa upesi kuliko walimu walivyoweza kutayarishwa na vitabu kupigwa chapa, na ubora wa elimu ukaumia kwa miaka mingi. Shauri jema lilitangulia mbele ya mwalimu, na watoto ndio waliolipa. Hatuna sababu ya kulirudia kosa hilo kwa chombo cha umeme.

Sasa tuitazame pwani yetu ilivyo. Mkoa wa Lindi si mkoa wa kungoja hisani. Gesi ya Songo Songo, katika wilaya ya Kilwa, iligunduliwa 1974, na tangu 2004 imekuwa ikipita katika bomba la kilometa zaidi ya 200 kwenda kuendesha mitambo ya umeme Dar es Salaam. Hata hivyo wakazi wa Lindi na Mtwara wamekaa miaka mingi wakijua vema maana ya taa kuzimika ghafula. Daraja la Mkapa lililofunguliwa 2003 katika mto Rufiji liliwatoa watu wa kusini katika kifungo cha kila masika. Lakini Mei 2024, mvua kubwa na kimbunga Hidaya viliikata barabara kuu katika eneo la Somanga, na magari yakakwama pande zote mbili. Kifaa kinachoharibika Kilwa na kutegemea fundi wa Dar es Salaam chaweza kukaa wiki na miezi bila kazi. Juu ya hayo, hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, nayo hula nyaya na viungo vya chuma. Ubao mweusi huvumilia yote haya. Ubao wa umeme hauyavumilii bila mtu wa kuutunza.

Basi twarudi kwa wale wasemao kwamba kioo kichukue nafasi ya mwalimu aliyekosekana. Umeme ukikatika katikati ya somo, mwalimu aliye darasani atachukua chaki na kuendelea. Mwalimu aliye katika kioo atatoweka. Mtoto asipoelewa, mwalimu aliye mbele yake ataiona sura yake. Aliye mjini, mwenye shule kumi za kuangalia, hataiona. Na hatari kubwa kuliko hizo ni hii: shule ikisha pewa kioo, ni rahisi kusemwa kwamba imekwisha kupata mwalimu, na jina lake likafutwa katika orodha ya zenye upungufu. Hapo mtoto wa mjini atakuwa na mwalimu pamoja na ubao, na mtoto wa Nanjirinji atakuwa na ubao bila mwalimu. Hatuwezi kuliita hilo usawa. Somo la mbali lifaalo ni lile linalomsaidia mwalimu aliyepo, hasa yule wa sayansi anayefanya kazi peke yake, ili aone namna mwenzake anavyolieleza jambo gumu. Hiyo ndiyo chembe ya ukweli tuliyoitaja, nasi twaikubali.

Tufanye nini basi? Maoni yetu ni kwamba mpango uanze kwa mwalimu. Mbao za kwanza zisipelekwe penye wageni wengi wa kuzitazama, bali zipelekwe zinakopita mikono ya walimu wengi: katika Chuo cha Ualimu Nachingwea, na katika vituo vya walimu vya wilaya. Serikali ina utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, uitwao MEWAKA, ambao huwakutanisha walimu shuleni kwao na vituoni ili wafundishane. Ubao mmoja ukiwekwa katika kituo ambacho walimu wa shule nyingi hukutana utaleta faida kubwa kuliko ubao mmoja katika darasa moja. Na muda wa kujifunza uhesabiwe kuwa ni kazi. Mwalimu mwenye vipindi vingi na madaftari mamia hawezi kuambiwa ajifunze usiku kwa gharama yake.

La pili, tutumie kwanza kile tulicho nacho. Vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu. Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao yenye vitabu vya kiada. Mwalimu mwenye kishikwambi kilichopakiwa vitabu na picha mapema, akipata projekta moja ya kubebeka ambayo shule nzima hupokezana, na ukuta uliopakwa chokaa, amekwisha kupata sehemu kubwa ya kile kinachotolewa na ubao wa bei ya mamilioni. Ikionekana kwamba chombo hicho kidogo kinatumika kila wiki, shule hiyo imejistahilia kikubwa.

La tatu ni lugha. Programu nyingi za mbao hizi hutengenezwa nje, kwa Kiingereza na kwa mifano ya nchi za baridi. Mtoto wa shule ya msingi hufundishwa kwa Kiswahili, na Kiswahili ndiyo lugha aliyouliza nayo maswali yake yote. Taasisi ya Elimu na Baraza la Kiswahili wana kazi hapa, na walimu wa Lindi nao wanayo. Masomo yaandaliwe yanayotoka katika maisha ya hapa: bamvua na maji mafu, mikoko, kilimo cha ufuta na mzani wa ghalani, magofu ya Kilwa Kisiwani na sarafu za shaba zilizotengenezwa pale zama za masultani. Hesabu ya mtoto ikianza katika mzani ambao baba yake hupimiwa ufuta, mtoto atajua hesabu, na baba hatapunjwa.

La nne, kusinunuliwe ubao hata mmoja ambao bei yake haina ndani yake fedha ya fundi, ya vipuri na ya umeme kwa miaka kadha. Chuo cha VETA Lindi kiwafunze vijana wa hapa kuzitengeneza mbao hizo, kazi hiyo iwe ajira yao na usalama wa shule zetu.

Wanachama na wafanyakazi, jambo hili ni lenu. Ninyi mmo katika kamati za shule, katika kamati za maendeleo za kata, katika matawi ya vyama vya wafanyakazi, na madiwani husikiliza sauti zenu. Atakapokuja mtu na habari ya ubao janja, mpokeeni kwa heshima, kisha mwulizeni: walimu wangapi wamefundishwa kuutumia, na kwa siku ngapi? Nani ataulipia umeme, na fundi atatoka wapi? Masomo yake ni ya lugha gani? Na shule isiyo na madawati au mwalimu wa hisabati, imepangiwa nini? Akiwa na majibu, msaidieni kwa nguvu zote. Akiwa hana, mwambieni arudi akayatafute.

Tunasema hivi kwa sababu yaliyo mbele ya watoto hawa ni makubwa. Septemba 2023 liliwekwa jiwe la msingi la bandari ya uvuvi Kilwa Masoko, na katika Lindi habari za mradi wa kusindika gesi katika eneo la Likong'o zimezungumzwa kwa miaka mingi. Bandari yahitaji mafundi wa barafu na wa mitambo, wapimaji na wahasibu. Gesi yahitaji wahandisi na wakemia. Kazi hizo zitafanywa na watu, na watu hao wako madarasani leo, katika darasa la nne la Kivinje na kidato cha kwanza cha Mchinga. Wasipoelewa hesabu sasa, miradi itakapokamilika wao watakuwa walinzi wa lango, na wenye ujuzi watatoka kwingine. Kama ubao janja waweza kulizuia hilo, na uje. Lakini uje mikononi mwa mwalimu aliyeandaliwa, aliyelipwa haki yake, na anayewajua watoto wake kwa majina. Mwalimu huyo ndiye wa kudaiwa kwanza, kabla ya Januari 2028 haijafika.